Niliua Probox ya mathe nikitafuta farasi wawili

Wasee, kabla mtu mwingine aniulize "bro, nikitaka Vitz yangu iwe na nguvu nianze wapi," wacha niseme kitu nimekificha karibu mwaka mzima. Ile Probox nyeupe mliona kwenye video zangu, ile nilikuwa napanda nayo kutoka Kiganjo nikiwaambia "skizeni hiyo sauti," haikuwa yangu. Ni ya mathe. Na zile wiki tatu nilipotea nikasema niko na mitihani, hakukuwa na mtihani wowote. Nilikuwa nimeshaacha chuo. Nilikuwa Karatina nasukuma mkokoteni, nikibeba nyanya na mchele ambao ile gari ndiyo ilikuwa inabeba, kwa sababu injini yake niliiua mimi.

Sasa mnajua. Tuongee.

Probox ya aina yetu ina injini ya 1NZ-FE. Silinda nne, cc 1496, valvu 16, VVT-i. Ni hiyo hiyo iko kwenye Fielder nyingi, Vitz za 1500, Ractis, nusu ya magari yote unayoona stendi ya Nyeri. Kwenye karatasi inatoa farasi 109 hivi. Hiyo karatasi iliandikwa kwa hewa ya baharini. Sisi hatukai baharini. Nyeri mjini uko karibu mita 1,750 juu, na presha ya hewa hapa ni kama asilimia 81 ya ile ya Mombasa. Nanyuki ni juu zaidi, inashuka chini ya 80. Injini isiyo na turbo inavuta tu hewa iliyopo. Hewa ikipungua kwa moja ya tano, kompyuta inapunguza petroli ili mchanganyiko usiharibike, na nguvu inashuka karibu vile vile. Kwa hivyo zile farasi 109, ukiwa Nyeri, hazifiki hata 90. Gari yako haijachoka, boss. Mlima umechukua ushuru wake.

Hii sikuijua wakati huo. Au tuseme nilikuwa nimefundishwa, niliandika kwenye daftari mwaka wa kwanza, nikapiga mstari chini na kalamu nyekundu, halafu sikuihusisha kamwe na gari ya nyumbani. Nilichojua ni kwamba Probox inapanda mlima kama punda, na kwamba video ya gari inayopanda kama punda haina watazamaji.

Pesa ya turbo sikuwa nayo. Nikaanza na vitu vya bei rahisi. Nikatoa boksi ya filta ya hewa nikaweka ile filta ya koni inayong'aa. Nikakata sailensa ya nyuma. Nikanunua ile chip ya kuchomeka chini ya usukani, ile inaandikwa itaongeza nguvu asilimia thelathini. Nilikuja kuifungua baadaye. Ndani kuna taa tatu zinazowaka na kuzima, basi. Mkinicheka chekeni pia wenyewe, najua nani walininunulia stika na nani waliniuliza link.

Ile koni wacha niieleze kidogo, kwa sababu iko kwa kila gari ya kijana huku kwetu. Boksi ya Toyota inavuta hewa kutoka mbele, nje ya joto. Koni ikikaa wazi ndani ya boneti inavuta hewa ambayo injini yenyewe imeshaichemsha. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa kama asilimia 12 kuliko hewa ya nyuzi 20. Yaani mlima umechukua yake, halafu wewe unaongezea kuiba kilichobaki. Lakini inalia vizuri, si uongo. Fsshhh. Ukiwa ndani unaskia kama gari inakimbia.

Halafu ndiyo nikafanya ile kubwa. Kuna fundi mmoja, sitamtaja na msijaribu kukisia, kwa sababu alifanya kile nilimwambia afanye na nikamlipa. Nilikuwa nimeskia kwamba ukichonga kichwa cha injini, kompresheni inapanda, na kompresheni ikipanda nguvu inapanda. Hiyo ni kweli kabisa. Ni mbinu ya zamani, watu wa mbio wameitumia tangu enzi za kabureta. Mathe alikuwa ameenda kwa cucu siku nne, matanga ya jirani. Tukafungua kichwa, kikapelekwa kuchongwa, kikarudi kimepungua karibu milimita moja. Gasketi mpya ya kichwa ilikuwa pesa. Tukarudisha ya zamani na gundi.

Hesabu nimekuja kuifanya nikiwa nimechelewa. 1NZ inatoka kiwandani na kompresheni ya 10.5 kwa 1, ambayo tayari iko juu kwa petroli ya kawaida. Silinda moja inafagia cc 374. Ile nafasi inayobaki juu pistoni ikifika mwisho ni kama cc 39. Toa cc tatu na nusu au nne kwa kuchonga, unafika 11 na nusu hivi. Na ukiingiza hizo namba kwenye ile fomula niliyopigia mstari mwekundu, faida ni kama asilimia mbili na nusu. Ya farasi chini ya 90. Fanya mwenyewe.

Wawili. Nilichonga injini ya mama yangu nipate farasi wawili.

Na hapa ndipo mlima ulinidanganya mara ya pili. Wiki za kwanza gari ilikwenda fiti. Nilirekodi, mkaangalia, mkasema imebadilika. Sababu ni kwamba huku juu hewa ni nyembamba, kwa hivyo presha ndani ya silinda iko chini, na injini yenye kompresheni kubwa inavumilia. Injini ya petroli haipendi presha na joto vikizidi, kwa sababu mafuta yanawaka yenyewe kwa wakati usiofaa badala ya kungoja moto wa plagi usambae. Ndiyo ile sauti ya kugonga, kama misumari ndani ya mkebe. Nyeri haikugonga. Karatina haikugonga. Nikajiita tuna.

Lakini mathe hauzi Nyeri tu. Yeye hushuka Mwea kuchukua mchele na nyanya, anapandisha Karatina. Mwea iko chini, kama mita 1,200, hewa ni nzito zaidi na jua la kule si la mchezo. Sasa chukua ile injini yangu ya 11 na nusu, ipe hewa nzito ya moto, ipe mzigo, halafu iambie ipande kutoka Sagana kurudi nyumbani kwa gia kubwa na mguu chini. Toyota walisema Probox ibebe kilo 400. Karatina hakuna mtu ameshawahi kuskia hiyo namba. Kuna sensa ya kuskia kugonga, ni kweli, na inarudisha cheche nyuma ili kuokoa injini. Ina mpaka wake. Gundi yetu pia ilikuwa na mpaka wake.

Alipiga simu akiwa karibu na Kibirigwi. Alikuwa peke yake.

"Gari imekataa. Imetoa moshi nyeupe na taa nyekundu imewaka. Kuna kitu uliguza?"

Nikasema hapana.

Hiyo ndiyo sehemu nimeandika nikifuta mara nyingi. Si injini. Injini ni chuma, inarudi. Ni kwamba aliuliza moja kwa moja, akiwa kando ya ile barabara na malori yanapita, nyanya zinapikika nyuma, na mimi nikasema hapana haraka sana, kama mtu aliyekuwa amejitayarisha. Alilipa pikapu ya kuvuta. Alilipa pikapu nyingine ya mzigo. Nyanya zilizofika ziliuzwa kwa bei ya kuonea huruma.

Gari ilivutwa hadi kwa mzee mmoja anayefungua injini kwa banda la mabati nje ya mji. Sisi sote humwita Guka. Haongei sana. Alitoa plagi nne, akaweka geji ya kompresheni kwenye kila tundu, akaandika namba nne kwa chaki kwenye mlango wa banda. Ya kwanza na ya nne zilikuwa sawa. Ya pili na ya tatu zilikuwa chini, zote mbili, karibu sawasawa. Akamwambia mathe kwamba silinda mbili za katikati zinaongea, yaani gasketi imekatika kati yao. Alisema hivyo hata kabla afungue nati moja. Nilishangaa nikasahau kwamba ni mimi mshtakiwa.

Alipotoa kichwa akakigeuza, akapitisha kidole, akaweka rula ya chuma juu yake, akachukua kipimo.

"Nani alichonga hiki kichwa?"

Mathe akaniangalia. Sikujibu, na ilikuwa jibu tosha.

Kichwa kilikuwa kimepinda kwa joto, aluminiamu haisamehi. Kikatafutwa kingine Kirinyaga Road, Nairobi, na gasketi mpya, na bolti mpya, na kazi ya Guka. Ukijumlisha na hasara ya soko, ilipita shilingi elfu hamsini. Ndiyo maana ya mkokoteni.

Sasa maoni yangu, kwa sababu najua kuna wazee wanasoma hii wakifurahi kwamba kijana ameungama na sasa ataacha uhuni. Siachi. Sidhani kutaka nguvu zaidi kwenye injini ya silinda nne ni uhuni. Hawa hawa wanaotuita wahuni ndio hufunga duka Safari Rally ikija Naivasha, wanabeba watoto mabegani. Na wakibonga juu ya mashujaa watakutajia Patrick Njiru. Sawa, tumtaje. Mwaka wa 1993 Njiru aliingia Safari na Subaru Vivio, kagari ka cc 660. Silinda nne! Ilikuwa na supachaja, ile pampu inayozungushwa na mkanda kusukuma hewa ndani ya injini. Colin McRae alikuwa na Vivio kama hiyo mwaka huo huo na hakumaliza. Njiru alifika mwisho na kushinda daraja lake. Kwa hivyo ukiniambia injini ndogo haiwezi kuongezwa nguvu, historia ya nchi hii inakukataa. Lakini angalia ni kitu gani tunakumbuka. Alifika.

Tatizo letu vijana wa huku mlimani, na hasa sisi wenye kamera, ni kwamba tunauza sauti tukisema ni nguvu. Chukua ule mlio wa Subaru ambao kila mtu kuanzia Karatina hadi Nanyuki anautambua hata akiwa usingizini. Ule mlio unatokana na mabomba ya moshi yasiyo na urefu sawa, upande mmoja mrefu, mwingine mfupi, kwa hivyo mapigo yanafika bila mpangilio. Ukiweka mabomba yenye urefu sawa mlio unapotea na nguvu haiendi popote. Zile bunduki za kwenye eksozi ukiachilia mafuta ni petroli inayoungua mahali haina kazi. Sauti ni raha, mimi pia naipenda. Ila usiku saa tano mtaani Ruring'u kuna mtu anafanya shifti ya asubuhi, na hajaona video yako.

Watu wa Subaru wana jambo moja ambalo sisi wa Toyota tunawaonea wivu kwa haki, nalo ni turbo. Huku juu turbo ina maana kuliko Mombasa. Mlima umechukua moja ya tano ya hewa, turbo inairudisha. Kwa hapa Nyeri presha ya kurudisha tu kile kilichopotea ni kama psi tatu, kidogo sana. Ndiyo maana EJ20 ya turbo inapanda Naromoru kama haijui iko mlimani. Lakini ile EJ20 ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Kompresheni yake imeshushwa hadi karibu 8 kwa 1, makusudi, ili ikisukumiwa hewa isigonge. Sasa mtu anachukua turbo ya mtumba kutoka kwa Subaru iliyokufa anataka kuibandika kwenye 1NZ ya 10.5, na injekta zile zile, na kompyuta ile ile ambayo haijui kuna kitu kinaitwa turbo. Hewa inaongezeka, petroli haiongezeki inavyofaa, cheche iko pale pale. Unanunua shimo kwenye pistoni kwa pesa nyingi. Inawezekana kufanywa vizuri, watu wamefanya dunia nzima. Inataka injekta kubwa, kompyuta inayoweza kuandikwa upya, geji ya mchanganyiko, intakula, mtu anayejua kusoma hizo namba, na subira. Ukiwa na hiyo pesa yote, mara nyingi ni rahisi kununua gari iliyokuja na turbo.

Na ikitunewa huku, mkumbuke Mwea. Gari iliyorekebishwa kwa hewa ya Nanyuki halafu mkashuka nayo Mombasa Disemba, mmewasha kiberiti ndani ya injini. Muulize mtu wako wa kutuni alipima kwa hewa gani. Akikuangalia kama haelewi swali, chukua funguo zako uondoke.

Guka alinipa kazi ya kuosha vipuri ili nipunguze deni, na ndipo niliona mambo ya aibu kweli. Gari zinazoletwa kwake "zimepoteza nguvu" nyingi hazijapoteza kitu. Plagi zimevaa. Throtoli imejaa masizi. Thamostati ilitolewa na fundi wa awali ili "isichemke," kwa hivyo injini inakaa baridi na kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama ni asubuhi. Hiyo ya thamostati inaniuma, kwa sababu karibu kila fundi huku ameshawahi kuifanya. Halafu oili. 1NZ inataka oili nyepesi, 5W-30. Watu wanaweka 20W-50 kwa sababu ni nzito na nzito inaonekana ni nzuri. VVT-i inafanya kazi kwa presha ya oili kupitia vitundu vidogo sana. Ukiipa uji, inalala. Sasa una injini yenye teknolojia ya kubadilisha muda wa valvu ambayo haibadilishi chochote, halafu unaenda kununua koni.

Ile Probox ya mathe ilirudi na vitu hivi tu: kichwa cha kawaida, boksi yake ya hewa, plagi mpya, throtoli safi, oili sahihi, presha ya tairi. Inapanda kuliko wakati wa video zangu. Na kuna hesabu nyingine nilifanya nikisukuma mkokoteni, kwa sababu mkokoteni unakupa muda wa kufikiria. Probox na mtu na mzigo ni kama kilo 1,600. Ukishusha gunia moja la kilo 50, umepunguza uzito kwa asilimia tatu. Hiyo peke yake ni zaidi ya nilichopata kwa kuchonga.

Breki sijaongelea na ningepaswa kuanza nazo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, breki zinapaswa kumeza nguvu zaidi kwa asilimia 56, si 25. Sasa ile barabara ya Kenol hadi Marua ni pana, mguu unakuwa mzito bila mtu kukutuma, na sijaona kijana hata mmoja akiweka video ya pedi mpya za breki. Mimi pia sijaweka. Bima nayo, ukibadilisha injini bila kuwaambia, siku ya ajali watakuwa na sababu ya kukuuliza maswali marefu.

Kitu kimoja naomba, na naomba kwa watu wenye vyuo na maabara huku kwetu, sijali kama nilitoka chuoni kwa mlango wa nyuma. Tupatieni mahali pa kupima. Dino moja tu, ile mashine ya roli inayosoma nguvu kwenye magurudumu, iwe wazi Jumamosi kwa ada ambayo kijana wa jua kali anaweza kulipa. Siku hiyo biashara ya chip za taa tatu itakufa jioni hiyo hiyo. Ningepanda pale na Probox yangu iliyochongwa, ningeona farasi wawili kwenye skrini, ningeona aibu mbele ya watu ishirini, na ningerudisha kichwa cha zamani kabla mathe ashuke Mwea. Tunachonga kwa kukisia kwa sababu hakuna mahali pa kujua. Guka anapima kwa geji na chaki, na ana miaka kama sabini.

Deni bado lipo. Nimebakisha elfu kumi na nane. Kila Jumamosi naamka saa kumi, napakia, naendesha mimi, mathe anakaa pembeni na kikapu chake. Hatujaongea juu ya ile simu. Wiki jana tukipanda kutoka Sagana alizima redio ghafla, akainamisha kichwa, akaskiza injini kwa muda mrefu sana. Nilipunguza gia, nikangoja. Halafu akawasha redio tena.